Msaada: programu zinachelewa kufunguka Fedora 41 (Linux), mashine ina kadi mbili za michoro (Intel na NVIDIA)

Steshenari_Moro

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo maana nimezunguka na hili jambo wiki mbili sasa.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti, picha za pasipoti. Mashine ninayotumia ni laptopu ya mtumba, zile nzito za wahandisi: Core i7-9850H, RAM 16 GB, NVMe ya 512 GB. Ina kadi mbili za michoro, Intel UHD 630 iliyomo ndani ya prosesa na NVIDIA Quadro T1000. Niliichukua kwa ajili ya hiyo Quadro, kwa kuwa usiku nikishafunga duka najifunza Blender (programu ya michoro ya 3D).

Tatizo ni hili. Mteja ananipa flashi, nachomeka, nabofya Files. Kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu, mara nyingine nne, ndipo dirisha linatokea. Kikokotoo hivyo hivyo, Text Editor hivyo hivyo, Settings hivyo hivyo. Ukiwa peke yako sekunde nne si kitu. Mtu akiwa amesimama kaunta anakutazama mikono, ni nyingi sana.

Niliyoyachunguza mwenyewe: Geany, ninayoandikia madeni ya wateja, inafunguka papo hapo. xterm nayo haina shida. Nikishafungua kikokotoo na kikatokea, nikibofya kingine wakati huo huo nacho kinakuja mara moja. Ila mashine ikitulia kidogo, ugonjwa unarudi. Na kuna jambo moja la ajabu, sijui kama lina maana: nikichomeka skrini ya nje kwa HDMI, tatizo linapotea kabisa.

Lilianza nilipopandisha toleo kutoka Fedora 40 kwenda 41. Natumia GNOME (mazingira ya eneo-kazi) kwenye Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha), na draiva ya NVIDIA nimeitoa RPM Fusion, ile hazina ya programu za ziada za Fedora. Watu wawili wameniambia nifute nipige mfumo upya, lakini humu kuna kazi za watu na sitaki kufika huko bila kujua kisa.

Kaka_wa_Diski

Pole mkuu. Mtumba anza na diski, nyingi huja na SSD iliyokwisha kuchoka. Piga `sudo smartctl -a /dev/nvme0n1` utazame mstari wa Percentage Used. Halafu `free -h`, isije ikawa RAM imejaa na mashine inahangaika na swap (nafasi ya akiba RAM ikijaa).

Steshenari_Moro

Asante kaka. Percentage Used inasema 11%, hakuna makosa yoyote. RAM inayotumika ni kama 4 GB, swap ni sifuri.

Bi_Tanga

Diski tuiache. Ingekuwa nzito, na Geany ingechelewa, diski haichagui.

Mimi nilipata ugonjwa unaofanana na huo, ikaja kuonekana ni xdg-desktop-portal (huduma ya mfumo inayojibu maombi ya programu). Programu inauliza kitu kupitia D-Bus, njia ambayo programu huongea zenyewe kwa zenyewe, hakuna anayejibu, inakaa inasubiri. Lakini kwa kawaida D-Bus husubiri sekunde 25 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo mtu akisema "programu yangu inachukua nusu dakika" ndipo hushuku huko kwanza. Wewe unasema tatu, nne. Sioni kama zinalingana, ila ni heri tuitoe njiani. Fungua terminali, piga `journalctl --user -f`, kisha bofya kikokotoo uone kama kuna mstari wowote wa timeout.

Steshenari_Moro

Dada nimefanya hivyo mara tatu. Hakuna timeout. Inaandika tu kwamba programu imeanzishwa, basi.

Mzizi_wa_Kerneli

Mkuu, jambo uliloliita la ajabu ndilo lenye jibu. Skrini ya nje.

Kwenye mashine nyingi za aina yako, tundu la HDMI limeungwa kwa NVIDIA, si kwa Intel. Ukichomeka skrini, ile kadi inalazimika kukaa macho muda wote. Ukichomoa, haina kazi, inalala. Sasa unganisha na lile la pili, kwamba ukifungua programu mbili mfululizo ya pili haichelewi. Kadi iliamshwa na ya kwanza na bado haijalala tena. Nahisi kila unapofungua kikokotoo unaamsha Quadro bila kujua, na sekunde zako ni za kuisubiri iamke.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kuna mahali uliwahi kuandika `NVreg_DynamicPowerManagement`, agizo la kuilaza kadi ikiwa haina kazi? T1000 ni ya kizazi cha Turing, na kwa Turing draiva haiilazi kadi kabisa mpaka uiagize. Kuanzia Ampere, kizazi kilichofuata, ndiyo inalala yenyewe.

Pili, fungua xterm (si terminali ya GNOME, hiyo nayo ni mshukiwa) na upige:

`watch -n 0.5 cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status`

Iache hapo ionekane pembeni. Subiri mpaka iandike suspended (imelala; active ni macho), ndipo ubofye kikokotoo huku jicho likiwa kwenye lile neno. Usipige `nvidia-smi` wala `lspci` katikati ya jaribio. Zote mbili huiamsha kadi zenyewe, na hapo utakuwa unapima usingizi wa mtu huku unamtikisa.

Steshenari_Moro

Mkuu, nimepatwa na mshangao.

Neno lilikuwa suspended. Nimebofya kikokotoo, likageuka active saa hiyo hiyo, dirisha likaja baada ya sekunde tatu hivi. Nimekifunga, nikasubiri, likarudi suspended. Nikabofya tena, active tena. Nimerudia mara sita, mara sita zote sawa. Nikafungua Geany: suspended haikutikisika.

Na kweli, kwenye `/etc/modprobe.d/nvidia.conf` nina mstari `options nvidia NVreg_DynamicPowerManagement=0x02`. Niliuweka mwenyewe zamani kwa ajili ya betri. Umeme ukikatika naendelea na kazi ya kuchapa, na kabla ya huo mstari betri ilikuwa hainifikishi saa mbili. Sasa inanipa tatu na zaidi. Lakini huo mstari ulikuwepo hata kwenye Fedora 40, na sikuwa na shida. Kwa nini sasa?

Mzizi_wa_Kerneli

Kwa sababu GTK, maktaba inayochora madirisha ya programu, imebadilika chini ya miguu yako. Fedora 40 ilikuwa na GTK 4.14, na hiyo huchora madirisha kwa OpenGL. Fedora 41 ilikuja na GNOME 47 na GTK 4.16, na kuanzia 4.16 chaguo la kwanza kwenye Wayland ni Vulkan, njia nyingine ya programu kuitumia kadi ya michoro. Files, kikokotoo, Text Editor, Settings, zote ni GTK 4. Geany ni GTK 3, kwa hiyo mabadiliko hayo hayajaigusa. xterm haina GTK kabisa. Orodha yako ya zinazochelewa na zisizochelewa imekatika hapo hapo.

Vulkan inapoanza hukusanya draiva zote ilizozikuta kwenye `/usr/share/vulkan/icd.d/` na kuuliza kila moja ina kadi gani. Haiulizi nani yuko macho, inagonga kila mlango. Draiva ya NVIDIA ikiulizwa, inaamsha kadi ili ijibu. Mwisho wa yote kikokotoo kinachorwa na Intel, lakini Quadro imekwisha kuamshwa bure, na wewe umekwisha kusubiri.

Hakikisha kwa `GSK_DEBUG=renderer gnome-calculator`, itakutajia GskVulkanRenderer. Halafu fanya majaribio haya mawili, kila moja kadi ikiwa suspended:

`GSK_RENDERER=ngl gnome-calculator`

`VK_DRIVER_FILES=/usr/share/vulkan/icd.d/intel_icd.x86_64.json gnome-calculator`

La kwanza linairudisha GTK kwenye OpenGL. La pili linaiacha Vulkan, ila linaionyesha draiva ya Intel peke yake. Kabla ya la pili piga `ls` kwenye hilo folda uhakikishe jina la faili la Intel ni hilo hilo.

Fundi_Kariakoo

Wakuu, kwa nini tusimrahisishie? `echo on | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/control` na kadi hailali tena. Au auondoe ule mstari wa modprobe. Mimi wateja wangu wote nawafanyia hivyo na hakuna aliyerudi kulalamika.

Bi_Tanga

Fundi, kwa mashine inayokaa kwenye chaja siku nzima nakubaliana nawe, ni amri moja na kazi imekwisha. Lakini mwenzetu ameshasema betri ndiyo inayomvusha umeme ukikatika. Kadi ikikaa macho bure inakula wati muda wote, na feni haitulii. Atakuwa ameokoa sekunde tatu akapoteza zaidi ya saa nzima.

Fundi_Kariakoo

Hilo la betri nililipita bila kulisoma. Uko sahihi dada.

Steshenari_Moro

Majibu haya hapa.

GskVulkanRenderer, kama ulivyosema.

Jaribio la kwanza, ngl: limepunguza lakini si sana, na neno bado linageuka active. Hili limenichanganya.

Jaribio la pili, Intel peke yake: kikokotoo kimekuja kabla sijaondoa kidole kwenye Enter. Nimetazama xterm, suspended. Nimefunga, nimefungua, suspended. Nimejaribu na Text Editor, hivyo hivyo. Wiki mbili wakuu!

Mzizi_wa_Kerneli

Safi sana. La ngl lisikuchanganye. OpenGL kwenye Wayland hupitia EGL (kiungo kati ya OpenGL na madirisha), na EGL nayo ina foleni yake kwenye `/usr/share/glvnd/egl_vendor.d/`. Humo kuna `10_nvidia.json` na `50_mesa.json` (Mesa ni draiva huria, ndiyo inayohudumia Intel yako), na inasomwa kwa kufuata namba. Ya NVIDIA inatangulia. Kwa hiyo umekwepa mlango mmoja ukagonga mwingine.

Kuna watu watakwambia uongeze na `__EGL_VENDOR_LIBRARY_FILENAMES` ielekee Mesa peke yake. Kwa programu moja moja haina neno. Lakini usiiweke kwa mfumo mzima, kwa sababu gnome-shell nayo itaisoma, na gnome-shell ndiyo inayopeleka picha kwenye HDMI yako kupitia NVIDIA. Skrini ya nje inaweza kuanza kukwama kwama na hutajua pa kuanzia kutafuta. Wewe Vulkan peke yake imekutosha, ishia hapo.

Ili idumu, tengeneza faili `~/.config/environment.d/90-vulkan.conf` lenye mstari mmoja:

`VK_DRIVER_FILES=/usr/share/vulkan/icd.d/intel_icd.x86_64.json`

Toka kwenye akaunti, ingia tena. Usiandike export mbele, hili si faili la bash. Na mstari wako wa modprobe uache palepale, haukuwa na kosa.

Steshenari_Moro

Nimefanya, nimetoka, nimeingia. Files inafunguka kama zamani. Swali moja la mwisho mkuu: na Blender? Nikiificha NVIDIA, Cycles (injini ya Blender ya kutoa picha) si itanikataa?

Mzizi_wa_Kerneli

Cycles haiguswi. Inaongea na kadi kupitia CUDA au OptiX, njia za NVIDIA yenyewe, na hizo hazipiti Vulkan. Fungua Blender uende kwenye mipangilio ya System, T1000 utaikuta. Utakachokosa ni vitu vinavyotaka Vulkan ya NVIDIA hasa, mathalani michezo. Siku ukihitaji, anzisha programu hiyo hivi:

`env -u VK_DRIVER_FILES __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia jina_la_programu`

Hiyo `-u` inaufuta ule mstari kwa programu hiyo tu.

Jambo jingine, kama una programu za Flatpak (zinazofungwa kwenye kifurushi kilichotengwa na mfumo). Ndani ya Flatpak ile njia ya faili la Intel haipo, kwa hiyo Vulkan haitaona draiva hata moja. Za GTK hurudi kwenye OpenGL kimya kimya. Ukikuta inayogoma, `flatpak override --user --unset-env=VK_DRIVER_FILES` ikifuatiwa na jina la programu.

Mwanachuo_Iringa

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina dalili zile zile lakini kadi zangu zote mbili ni AMD. Kila nikifungua programu, `dmesg` (kumbukumbu za kerneli) inaandika "SMU is resumed successfully!". Hili la VK_DRIVER_FILES litanifaa?

Mzizi_wa_Kerneli

Mdogo wangu, huo mstari ni kadi yako kubwa inaamka, ugonjwa ni ule ule. Dawa ndiyo tofauti. Kwako kadi zote mbili zinahudumiwa na draiva moja ya Vulkan, RADV, kwa hiyo hakuna faili la kuficha. Anza na `GSK_RENDERER=ngl`. Wewe huna `10_nvidia.json` inayokutangulia, Mesa itashika kadi ile ile inayotumiwa na gnome-shell, na kuna uwezekano mkubwa ikakutosha. Ikikataa, ndipo ufikirie `amdgpu.runpm=0` kwenye mstari wa kerneli, ukijua kwamba kadi haitalala tena na betri utailipia. Tazama `dmesg -w` wakati unajaribu, ule mstari usipotokea umefaulu.

Mwanachuo_Iringa

ngl imetosha. Nimefungua Files mara kumi, dmesg haijaandika kitu. Asante sana kaka.

Steshenari_Moro

Nami narudi na majibu ya leo. Nimefanya kazi tangu saa mbili asubuhi, umeme umekatika saa saba mchana ukarudi saa tisa na nusu, betri ilikuwa bado ina 38%. Skrini ya nje nimeichomeka, inafanya kazi bila kukwama. Blender imeiona T1000. Mzizi, Bi Tanga, Kaka wa Diski, Fundi, nawashukuru sana. Ule mstari wa watch nimeubandika kwa karatasi ukutani juu ya printa.