Porto siku mbili: Porto Card, Andante, au kulipa mlango kwa mlango?

Mtaa_wa_Pili
Wakuu, naomba mchango. Tupo watatu, mmoja wetu ni mama wa miaka 68 ambaye magoti hayamruhusu ngazi nyingi. Tuna siku mbili kamili Porto, Ureno, hoteli iko karibu na stesheni ya metro ya Trindade. Kwenye orodha: daraja la Dom Luís I, mnara wa Clérigos, duka la vitabu la Livraria Lello, Palácio da Bolsa (jumba la zamani la soko la hisa), kanisa la São Francisco, na mto Douro wenyewe. Porto Card (kadi ya watalii) inalipa, au ni Andante (kadi ya nauli ya metro na mabasi) tu na kila mlango tunalipia kivyake?

Kipanga
Mkuu, Porto Card ziko mbili: yenye usafiri na isiyo na usafiri. Wengi hukosea hapo, wananunua ya bei nafuu halafu wanashangaa metro haiwatambui. Pili, sehemu kubwa ya faida yake ni punguzo. Bure kabisa ni makumbusho kadhaa tu, na hayamo kwenye orodha yako. Chukua bei kamili za milango yako, toa punguzo, linganisha na bei ya kadi. Kwa milango minne iliyotawanywa siku mbili sioni ikirudisha hela. Inamfaa mtu wa kuingia makumbusho asubuhi mpaka jioni.

Andante ndiyo yenu, ila ina masharti:
- Kila mtu na kadi yake. Watatu hawawezi kupita kwa kadi moja kwa wakati mmoja.
- Kutoka uwanja wa ndege hadi Trindade ni laini E, tiketi ya Z4 (kanda nne). Ndani ya mji ni Z2 (kanda mbili). Kadi haibebi aina mbili kwa pamoja, kwa hiyo usijaze safari mbili za Z4 ukidhani moja itakufaa mjini. Utabaki nayo hadi siku ya kuondoka.
- Gusisha kadi kwenye mashine kabla ya kupanda, na tena kila unapobadilisha laini. Stesheni nyingi hazina mageti, ndiyo maana watu husahau, na mkaguzi hana habari na usahaulifu wako.

Bi_Rehema
Kipanga amemaliza habari ya kadi, lakini mwenye magoti mabovu swali lake kubwa si kadi, ni mwinuko. Kwenye ramani, kutoka Ribeira, mtaa wa kale wa ukingo wa mto, hadi katikati ya mji ni pua na mdomo. Kwa miguu ni ukuta. Pangeni mzunguko ambao mnashuka taratibu na kupanda kwa mashine:

1. Trindade, metro laini D ya njano hadi Jardim do Morro, upande wa Gaia, ng'ambo ya mto. Treni inapita sakafu ya juu ya daraja, kwa hiyo mandhari yanaanza mkiwa mmekaa.
2. Hapo hapo kuna Teleférico de Gaia, vibanda vya kamba vinavyowashusha hadi ukingo wa mto kwa dakika kama tano. Tiketi yake ni ya pekee, Andante haitumiki.
3. Tembeeni Cais de Gaia, ni tambarare. Huku ndiko kwa kupiga picha: mnatazama kaskazini, jua liko mgongoni, na nyumba za Ribeira zinapata mwanga. Ukisimama Ribeira ukaielekeza kamera Gaia, mchana wa majira ya baridi unapigana na jua.
4. Vukeni kwa sakafu ya chini ya daraja. Upande wa pili, karibu kabisa, kuna Funicular dos Guindais, behewa la kamba la mlimani, inayowapandisha hadi uwanja wa Batalha.
5. Kutoka Batalha hadi stesheni ya São Bento ni mteremko. Ukumbi una vigae vipatavyo 20,000 vya Jorge Colaço, na kuingia ni bure.

Mvua ikinyesha, mawe ya barabarani huteleza vibaya. Viatu vya soli laini viacheni hotelini.

Kipanga
Nyongeza kwa Bi Rehema: funicular ikisimama kwa matengenezo, msimpitishe mama ngazi za Guindais. Pandeni Rua Mouzinho da Silveira. Mwinuko ni wa taratibu kwa sababu mtaa ulijengwa juu ya kijito kilichofunikwa, Rio da Vila.

Ustadh_wa_Ramani
Clérigos ni zaidi ya ngazi 200, nyembamba, wanaopanda na wanaoshuka wanapishana humo humo. Mama asijaribu. Badala yake, kutoka Jardim do Morro mpandisheni polepole hadi uwanja wa mbele wa monasteri ya Serra do Pilar: hakuna kiingilio, na daraja lote liko chini yenu. Kwa maoni yangu panaushinda mnara, maana ukiwa juu ya Clérigos mnara wenyewe huuoni.

Bolsa na São Francisco vimepakana. Mkilazimika kuchagua kimoja:

São Francisco kwa nje ni jiwe kavu, ndani mbao zilizochongwa zimefunikwa dhahabu karibu kila mahali, na chini kuna vyumba vya makaburi. Mnaingia mtakapo na kutoka mtakapo.

Bolsa ni kwa ziara yenye kiongozi tu, kwa lugha na saa maalumu. Kachukueni nafasi asubuhi, kisha mwende kanisani mkisubiri. Kivutio ni Salão Árabe, iliyojengwa 1862 hadi 1880, kuta zimejaa maandishi ya Kiarabu kwa rangi ya dhahabu. Aliyepita chuoni atasimama kusoma huku kundi likimwacha.

Lello: tiketi ya saa maalumu, mtandaoni. Bei yake hukatwa ukinunua kitabu, basi kama mna nia ya kitabu si hasara. Kama hamna nia, ni duka dogo lenye ngazi nzuri na umati.

Mtaa_wa_Pili
Asanteni sana. Na mto? Boti ya madaraja sita au tramu ya zamani hadi Foz, mto unapoingia baharini?

Bi_Rehema
Boti ni kama dakika 50, mama anakaa, na mnaona Maria Pia, daraja la reli la 1877 la kampuni ya Eiffel, ambalo kwa miguu ni usumbufu kulifikia. Tramu namba 1 inapendeza lakini ni ghali, inajaa, na Andante haikubali. Basi namba 500 linapita njia ile ile ya ukingoni kwa tiketi ya kawaida, tena lina ghorofa. Mkienda Foz kaeni kushoto.