Mjadala: Je, shule za mkataba ni njia ya kweli kwa vijana waliochelewa sekondari?

Mleta mada ametuuliza sisi tunaoishi Indianapolis, jimbo la Indiana, Marekani, kama ni haki fedha za umma ziendelee kwenda kwenye shule za mkataba, hasa zile zinazojitangaza kuwa kimbilio la vijana walioshindwa kumaliza sekondari kwa njia ya kawaida. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika: mama mmoja anasema shule ya namna hiyo imemwokoa binti yake, na mzee wetu mmoja anasema ni biashara iliyovishwa joho la elimu, kwa hiyo zifungwe zote. Nimekalimani vikao vya wazazi na walimu kwa miaka kadhaa, na naona wote wawili wanasema kweli, kwa sababu wanazungumzia vitu viwili vinavyobeba jina moja.

Kwa asiyezifahamu, shule ya mkataba haitozi ada. Hulipwa na serikali kwa kila mwanafunzi, lakini huendeshwa na bodi yake chini ya mkataba na chombo kilichoiidhinisha, na mkataba ukivunjwa shule inaweza kufungwa. Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy ya St. Paul, ilifunguliwa mwaka uliofuata kwa ajili ya vijana walioacha masomo. Wanaodhani kwamba kuwahudumia vijana hao ni kisingizio kilichobuniwa baadaye hawajui historia hiyo. Hapa Indiana sheria ilikuja mwaka 2001, na hata meya wa Indianapolis akapewa mamlaka ya kuidhinisha.

Mzee wetu, shikamoo kwanza, kisha niruhusu nipingane nawe. Nilikaa na kijana wa miaka 18 aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mshauri wa shule akapekua karatasi zake za mtaala wa Kongo, zimeandikwa kwa Kifaransa na kugongwa mihuri, kisha akazirudisha kwenye bahasha moja baada ya nyingine. Diploma ya kawaida ilihitaji krediti 40, yaani alama za masomo yaliyokamilishwa, naye alihesabiwa hana hata moja. Akianza darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari, katika umri huo, anamaliza akiwa na miaka 22, kama hatakuwa ameshaondolewa kwa sababu ya umri. Nayo shule ya kawaida hupimwa kwa idadi ya wanaomaliza ndani ya miaka minne. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inazitaka sekondari ambazo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu zitambuliwe kuwa zinahitaji kurekebishwa. Mwalimu mkuu hahitaji kuwa mtu mbaya ili aone kwamba kijana yule atamharibia hesabu.

Shule iliyojengwa kwa ajili ya mtu kama huyo ipo. Goodwill, shirika ambalo wengi wetu tunalijua kwa maduka yake ya mitumba, lilifungua Excel Center hapa mjini mwaka 2010 kwa idhini ya ofisi ya meya. Ni sekondari ya watu wazima: mwaka umegawanywa katika mihula mifupi ya wiki nane, kuna chumba cha kulelea watoto wakati mama yuko darasani, na anayemaliza hupewa diploma kamili, si cheti cha mtihani unaochukua nafasi ya diploma. Mama aliyetangulia, kama binti yako amepita kwenye shule ya aina hii, nakuelewa unapoitetea.

Lakini jimbo hili hili ndilo lililozaa Indiana Virtual School na dada yake, Indiana Virtual Pathways Academy, shule mbili za mtandaoni zilizofungwa mwaka 2019. Wakaguzi wa jimbo waliripoti mwaka 2020 kwamba zilikuwa zimelipwa zaidi ya dola milioni 68 zisizostahili kwa kujaza orodha ya wanafunzi. Miongoni mwa majina hayo kulikuwa na watu waliohama jimbo, na hata la mwanafunzi aliyekwisha kufariki dunia. Iliyoziidhinisha ni wilaya ndogo ya shule ya Daleville, ambayo ililipwa ada ya usimamizi iliyokatwa kwenye fedha za wanafunzi hao hao. Kadiri orodha ilivyorefuka ndivyo msimamizi alivyopata zaidi, na hapo ndipo ubovu ulipoanzia. Jirani zetu wa Ohio nao waliona shule ya mtandaoni ya ECOT ikifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, na wanafunzi wapatao 12,000 wakabaki wakitafuta pa kwenda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mwaka 2015 kwamba wanafunzi wa shule za mkataba za mtandaoni walibaki nyuma katika hisabati kwa siku 180 wakilinganishwa na wenzao, yaani karibu mwaka mzima wa shule. Mimi nilichokiona ni kidogo tu. Mama mmoja aliniita nimsomee barua iliyompongeza mwanawe kwa mahudhurio kamili katika shule ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Kompyuta waliyotumiwa ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake, gundi haijabanduliwa. Kijana mwenyewe alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku kwenye bohari. Nilimsomea barua ile mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani nimekosea kutafsiri.

Kwa hiyo ninaunga mkono shule hizi pale tu zilipo na jengo na mwalimu anayemwona kijana uso kwa uso, fedha zikifuata masomo yaliyokamilishwa badala ya majina yaliyoandikishwa, na anayeidhinisha asiwe na senti anayoipata kwa kila kichwa. Kwa kijana aliyefika juzi, ambaye Kiingereza bado kinampa shida, shule ya mtandaoni pekee isiruhusiwe kabisa. Mzee wetu anaweza kuniona mlegevu, ila namwomba anijibu hili: zikifungwa zote, yule mwenye bahasha kesho asubuhi apande basi la kwenda wapi?