Naombeni ushauri: nimepona saratani, nataka kuendesha baiskeli kilomita 100 kuchangia wagonjwa

Habari zenu ndugu zangu, mi nilikuwa naumwa saratani ya utumbo, nikafanyiwa operesheni na dripu za kemo (dawa kali za saratani) juu mpaka nikaisha kabisa, ila namshukuru Mungu sasa hivi vipimo viko safi na daktari kaniruhusu mazoezi, kasema tu niende mdogo mdogo. Sasa kuna msafara wa baiskeli wa kilomita 100 wa kuchangia matibabu ya wagonjwa na nautaka sana, maana nilipokuwa kitandani watu walinichangia mimi.

Shida kubwa ni mikono. Zile dawa zimeniachia ganzi kwenye vidole, nikiendesha kama nusu saa hivi kidole kidogo na cha pete vinakufa kabisa, yani nashika breki lakini sisikii kama nimeshika, na kwenye mteremko hiyo ni hatari hata kwa walio nyuma yangu. Nimevaa glavu zenye sponji, nimeinua usukani kidogo, afadhali ipo ila bado. Je, breki za diski za mafuta (zinazosukumwa na mafuta badala ya waya) zinasaidia mtu asiye na nguvu vidoleni?

Halafu uchovu, sio ule wa kawaida, unalala nao unaamka nao. Naendesha mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema, inatosha au nianze na vilima?

Mke wangu anataka nichukue ile ya kilomita 50. Mliougua sana mkarudi barabarani, nyie mlianzaje?