Ushauri wenu wakuu: boksi la picha za zamani za mbio za magari za Safari Rally, niuze au niviache kwenye kikundi?

Kijana wa Bonde (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma humu kimya kimya, sijawahi kuanzisha uzi, ila hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Sisi ni watu saba, wengine Babati, wengine Mbulu. Hatuna usajili wala ofisi. Yupo mwalimu mstaafu, mafundi magari wawili, mwenye duka la spea, na sisi wengine tunaopenda tu. Jumapili tunawafuata wazee waliokuwa wakisimama pembeni ya mlima Magara kutazama magari ya Safari yakipanda kutoka bondeni kwenda Mbulu, tunawarekodi kwa simu. Tumetembea pia kwa miguu vipande vya njia ya zamani, ile iliyoachwa barabara iliposogezwa, tukaweka mawe yenye chokaa kwenye kona ambazo wazee wanazikumbuka.

Sasa mkononi nina boksi. Ndani mna picha 64, filamu zake, bamba la namba la mlangoni mwa gari la mashindano, na daftari la mistari. Picha nyingine ni kali sana. Ipo Volvo ya Joginder Singh, yule dereva maarufu wa Kenya, kwenye tope, namba 1 mlangoni, nyuma imeandikwa 1966. Niliweka picha moja mtandaoni, akanitafuta mtu wa Ulaya anayekusanya vitu vya mashindano ya zamani. Anatoa milioni 9 kwa picha, filamu na bamba. Daftari amesema halimhusu.

Niuze, au niviache viliwe na mchwa? Wenzangu wa kikundi wakisikia watalia. Naomba busara zenu.

Tumbo Joto

Milioni 9 na bado unauliza? Mkuu, hata mimi nina picha ya babu amesimama karibu na Land Rover, nipe namba ya huyo mtu.

Utingo Mstaafu

Umenikumbusha mbali kijana. Mimi Safari sikuiona Magara, niliziona nyingine. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikakosa njia ya mafuta. Mapipa ya mafuta yakapakiwa kwenye malori Dar, yakapita Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka Zambia, na njia yote vumbi kiangazi na tope masika. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Baba alikuwa dereva, mimi mtoto nikapanda naye mara mbili. Mteremko wa Kitonga enzi hizo hukuongea. Unashika mlango na unaomba Mungu. Lori lililoanguka mnaliona chini kama kiberiti. Mpaka bomba la mafuta lilipokamilika 1968 ndipo baba akaanza kulala nyumbani.

Hakuna aliyempiga picha baba na lori lake. Hata moja. Kwa hiyo mimi nakwambia usiuze.

Mama Jeni

Mwanangu, pole na mawazo. Kabla sijasema neno: boksi hilo ni la nani? Umeandika "mkononi nina boksi." Hukuandika "langu", hukuandika "la marehemu baba". Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo.

Kijana wa Bonde

Asante mama. Boksi lilikuja kwenye kikundi kupitia mimi, mimi ndiye ninayelitunza. Nilipolipata lilikuwa limeshaanza kuliwa na mchwa, nikalisafisha, nikanunua bati la biskuti nikahifadhi filamu humo. Kama si mimi lingekuwa jivu. Naomba tujikite kwenye swali, niuze au nisiuze.

Nakuru Mjini

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu watu hudhani Safari ilizaliwa barabarani, kumbe mwanzoni kulikuwa na mbio za kuzunguka uwanjani tu. Langa Langa, karibu na Gilgil, ilikuwa njia ya kambi ya jeshi, wakaigeuza uwanja wa mbio baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Eric Cecil alimwalika binamu yake Neil Vincent akashindane pale, naye akakataa, hakuona raha ya kuzunguka mahali pamoja. Akasema wakipanga mbio za kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, hapo atakuja. Ndipo ikaja Coronation Safari ya 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Mnajua 1953 Kenya ilikuwa katika hali gani. Hali ya hatari ilishatangazwa Oktoba ya 1952, watu wanakamatwa, na magari ya starehe yanapita.

Na barabara ya kushuka Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita. Kanisa dogo walilojenga 1942 bado liko pale ukingoni. Waitaliano wana kanisa la kuwakumbuka. Waafrika waliovunja kokoto za barabara nyingine wana nini?

Ndugu, jibu swali la Mama Jeni.

Mama Jeni

Nangoja, mwanangu. Aliyekupa yu hai?

Kijana wa Bonde

Sawa. Niseme.

Ni la mzee mmoja wa bondeni, alikuwa fundi, miaka kadhaa alifuatana na mafundi wa kuhudumia magari ya timu moja ya Safari. Yu hai. Ana miaka themanini na kitu, macho yameshika ukungu. Alitupa boksi kwa ajili ya maonyesho madogo tuliyofanya shuleni mwaka juzi. Alisema tutamrudishia tukimaliza. Tuliandika kwenye kitabu cha kikundi, mimi nikasaini.

Lakini nisikilizeni kabla ya kunihukumu. Watoto wake wapo mjini, hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua lile boksi. Mzee mwenyewe hawezi kuziona tena. Huyo mnunuzi ataziweka mahali pakavu, na ataniletea nakala za skani. Historia haipotei, inahama tu. Na milioni 3 alishanitumia mwezi uliopita. Nimelipa ada ya mtoto na deni la pikipiki. Sasa nirudishe nini?

Tumbo Joto

Nafuta comment yangu ya kwanza. Samahanini.

Mama Jeni

Mwanangu, ulikuja kuuliza uuze au usiuze na ulikuwa umeshauza theluthi. Sikugombezi kwa shida ya ada, sote tumepita huko. Lakini amana ya mtu mwenye macho mabovu ni amana mara mbili. Angekuwa anaona ungeuza?

Kijana wa Bonde

Mama, nimelia nikisoma hilo. Ila bado nauliza, mkusanyaji ana kosa gani? Yeye ndiye pekee aliyeona thamani. Halmashauri nilipeleka barua mara mbili, hakuna aliyejibu.

Karani wa Zamani

Niingilie. Mimi nimefuatilia Safari tangu nikiwa mtoto, na kuna jambo halikai sawa katika uzi huu.

Mleta mada anasema ana picha ya Volvo ya Joginder namba 1, mwaka 1966. Volvo PV544 ya Joginder na ndugu yake Jaswant iliyobeba namba 1 ni ya 1965. Alianza wa kwanza na akamaliza wa kwanza, kwa gari lililokwisha kutumika. 1966 mshindi ni Bert Shankland wa hapa hapa Dar, na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404, na wakarudia 1967. Mtu aliyekaa na boksi hili miaka miwili na kikundi cha wapenzi saba hawezi kukosea hilo. Anayetunga stori ndiye hukosea hapo.

Na hiyo hadithi ya mzungu na milioni 9 tumeisoma humu mara ngapi? Leo picha, juzi jini la chupani. Weka picha au uzi ufungwe. Mimi naona chai, stori ya kutunga.

Tumbo Joto

Duh. Chai ya tangawizi.

Utingo Mstaafu

Hata mimi nimeanza kushtuka. Na nimesimulia habari za baba bure.

Nakuru Mjini

Karani yuko sahihi kuhusu 1965. Joginder mzaliwa wa Kericho, huku kwetu watoto wa shule walimjua. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Lakini sijui kama kosa la mwaka mmoja linatosha kumwita mtu mwongo.

Kijana wa Bonde

Karani, shikamoo. Umenikamata, lakini sipo unaponidhania.

Picha ipo. Nyuma ya picha haikuwa na mwaka. Nusu ya picha hazina chochote nyuma. Mnunuzi alisema zenye tarehe zina bei zaidi, nikachukua kalamu nikaandika mwaka mimi mwenyewe, kwa kukisia. Hiyo 1966 ni mkono wangu. Nimeandika hivyo kwenye picha kama ishirini. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Picha siwezi kuweka, kwa sababu nikiweka na kikundi kikaona hapa, nimekwisha. Niulize chochote kilichomo nikujibu.

Karani wa Zamani

Marahaba. Haya. Daftari lina nini? Hujalisema hata mara moja zaidi ya kwamba mzungu halitaki.

Kijana wa Bonde

Daftari ni la hesabu za njiani. Mzee aliandika kwa penseli. Petroli, pancha, chai, nauli. Halafu kuna kurasa nyingi zinarudia kitu kimoja: "kusukuma", kisha majina, kisha shilingi. Mfano ukurasa mmoja una majina 11, kila mmoja sh. 2, wawili sh. 3 kwa sababu walileta kamba. Mwingine una majina 6 na ng'ombe jozi mbili. Pembeni ameandika mahali: darajani, kona ya mbuyu, mlima nusu. Nyingine kwa Kiiraqw, lugha ya Wairaqw wa huku Mbulu, siwezi kuzisoma zote.

Utingo Mstaafu

Subiri. Rudia hapo.

Karani wa Zamani

Naomba radhi hadharani kwa neno chai. Mtunga hadithi angeweka picha za magari na saini za madereva. Asingebuni jozi mbili za ng'ombe na waliolipwa sh. 3 kwa kuleta kamba.

Kijana, sikiliza vizuri. Magari yale yanajulikana. Ukitaka kujua nani alishinda 1954, ni Vic Preston na D. P. Marwaha kwa Volkswagen. 1959 na 1960, Bill Fritschy na Jack Ellis kwa Mercedes 219. Imeandikwa kote, kwa picha nzuri kuliko zako. Miaka ya 1963 na 1968 yalimaliza magari saba tu kila mwaka, na madereva wake wana jina la heshima mpaka leo. Lakini waliosukuma hao saba wasizame, nani aliwaandika? Nimekusanya vitu vya Safari miaka arobaini, sijawahi kuona orodha hata moja. Wewe unayo, na mnunuzi wako kaiacha kama karatasi ya kufungia karanga.

Na picha bila daftari hazina mahali. Ile Volvo ilizama wapi? Daftari huenda linasema. Ukiwatenganisha, umeua vyote viwili.

Nakuru Mjini

Nimesimama nikisoma hii. Mwalimu wenu mstaafu anajua Kiiraqw?

Kijana wa Bonde

Anajua, ni lugha yake. Sijawahi kumwonyesha kurasa zile. Tulikuwa tunaangalia magari tu.

Lakini wakuu, milioni 3 nimeshatumia. Hilo halijaondoka.

Mama Jeni

Halijaondoka, na hatutalifuta kwa maneno. Mwandikie huyo mtu leo, mwambie vitu si vyako, utamlipa kwa awamu. Mwambie na miaka uliyoandika ni ya kubuni, maana naye umemdanganya. Halafu nenda kwa mzee kabla hajasikia kwa mwingine. Usiende na simu ya kurekodi siku hiyo.

Utingo Mstaafu

Mimi natoa laki moja. Naiweka kwa jina la baba, yule ambaye hana picha.

Karani wa Zamani

Laki mbili kwangu. Na ile miaka uliyoandika kwa kalamu, usiikwangue, utaharibu karatasi. Weka kila picha kwenye bahasha yake, andika juu ya bahasha kwamba mwaka wa nyuma si wa kuaminika. Kisha mkae na mzee, mmoja asome daftari kwa sauti. Haoni, lakini anasikia. Ukimsomea "kona ya mbuyu, majina 11", atakuambia mwaka mwenyewe, na mvua ilikuwaje.

Kijana wa Bonde

Nimemwandikia mnunuzi saa hii. Hajajibu. Mkono unatetemeka.

Kesho asubuhi naelekea bondeni na mwalimu. Nimemwambia kila kitu kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama daftari lina jina la ukoo wake.

Mama Jeni

Lina?

Kijana wa Bonde

Lina mara mbili. Mmoja ni wa sh. 3.

Mwana Mbuyuni

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo, sijachangia. Nyumbani kwetu ni karibu na Mbuyu wa Mjerumani, huko huko bondeni. Bibi alikuwa akisema babu alinunua blanketi la kwanza la nyumbani kwa pesa ya kusukuma gari la Wazungu, sisi watoto tukidhani ni hadithi ya kutulaza. Mkuu, ukifungua hilo daftari kesho, naomba unitazamie jina.

Kijana wa Bonde

Nitumie PM. Andika jina lake na la baba yake, mzee aliandika yote mawili.