PhD ya hisabati tumizi: nibaki Uganda, niende Arusha, Juja, au nisubiri Sweden?

Mwalimu_Mbarara
Wakuu, nina miaka 34, mke na watoto wawili, nafundisha chuoni huku Mbarara. Uzamili nilifanya modeli ya malaria. Milinganyo ilijaa daftari, data sikuwa nayo hata moja. Mkuu wa idara ameshanieleza: bila uzamivu, cheo hakipandi. Naona njia nne: Makerere, chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, Chuo Kikuu cha Pan African pale Juja, Kenya, au nafasi za Sweden. Aliyepita yoyote anisaidie kupima. Msiniambie nifuate moyo, moyo haulipi ada.

Usiku_Kikoni
Nasoma hapa hapa Uganda, mwaka wa tano, chuo sikitaji. Ada ya nyumbani inabebeka; kinachokosekana ni muda. Mchana nafundisha, jioni nafundisha chuo kingine ili nilipe kile cha kwanza. Tasnifu inapata makombo ya usiku, umeme ukiwepo. Sura ya pili ilikaa kwa msimamizi miezi minane, ikarudi na alama mbili za kuuliza. Ukibaki, kwanza dai likizo ya masomo, na uipate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka na mkuu wa idara.

Dada_Juja
Ssebo (bwana), umri wako ndio wa kukimbizana nao. Pan African ni mradi wa Umoja wa Afrika, na ufadhili wake umekuwa na kikomo kwa uzamivu: miaka 35 kwa wanaume, 40 kwa wanawake. Soma tangazo la mwaka huu leo, si kesho. Muda ni miaka mitatu, na nyumbani ni basi la usiku tu hadi Nairobi. Mimi Krismasi sijawahi kuikosa Jinja.

Tengeru_Kijani
Arusha wana uzamivu wa hisabati tumizi na sayansi ya kompyuta. Mimi nafanya modeli ya homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo. Faida niliyoiona ni kwamba watu wa mifugo, wa maji na wa kompyuta tuko eneo moja. Modeli yangu ikisema ng'ombe anapona kwa siku mbili, kuna mtu wa kunicheka kabla sijaichapisha.

Baridi_Kali
Niko Sweden. Huku mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Nafasi hutangazwa kama kazi, ada hakuna, mshahara upo na unakatwa kodi. Ni miaka minne ya masomo, na ukipewa kufundisha kidogo inafika mitano. Ushindani ni wa dunia nzima, kwa hiyo kusubiri Sweden peke yake ni kutega mtego mmoja msitu mzima.

Ila kuna njia ya katikati. Mwaka 2002 ulianza mpango wa hisabati wa vyuo vya Afrika Mashariki, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikiwemo, ulioungwa mkono kutoka Chuo Kikuu cha Uppsala huku Sweden. Katika mtindo huo, tunaouita sandwichi, unajisajili nyumbani, una wasimamizi wawili, unakuja huku miezi kadhaa kisha unarudi. Ulizia idarani kama kuna awamu iliyo wazi.

Mwalimu_Mbarara
Na Marekani?

Baridi_Kali
Miaka mitano au zaidi, mitihani mikali mwanzoni. Watoto wako watakusahau.

Mzee_Nambari
Nyote mnapanga mabasi, hakuna aliyeuliza kuhusu data. Ebola ya Gulu ya mwaka 2000 ilikuwa na wagonjwa 425. Waliokadiria mgonjwa mmoja aliambukiza wangapi, wakapata 1.34 hivi, walikuwa Marekani, na makala ikatoka 2004. Takwimu zilikuwa zetu. Kijana, malaria iko mlangoni kwako Mbarara. Nenda kaongee na hospitali na watu wa afya wa wilaya, kisha anza kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Vibali vinakula miezi. Wenzetu wa hisabati safi wanahitaji kalamu tu, wana bahati yao.

Usiku_Kikoni
Mzee kanigusa. Mimi nilianza kibali mwaka wa tatu.

Mwalimu_Mbarara
Nimefungua tangazo la Juja. Natimiza 35 mwezi wa nne. Naomba Juja wiki hii, na Jumatatu naenda hospitali kuulizia rekodi za malaria, maana hizo nitazihitaji popote nitakapokwenda. Sandwichi ndiyo ya pili. Dada_Juja, barua za wadhamini waliziomba mbili au tatu?

Dada_Juja
Mimi nilitoa mbili. Anza na yule profesa anayechelewa kujibu.