V/mil kwenda kV/mm: mnabadilisha kwa njia ipi?

FundiKoili:
Wakuu, habari za jioni. Nasuka mota, mwaka wa sita sasa. Juzi nimeletewa roli la karatasi ya kuhami ya kwenye sloti (mifereji ya chuma inayolaza koili), limetoka Marekani. Lebo inasema unene 10 mil, uwezo wa kuhimili umeme 800 V/mil. Mimi "mili" niliyokua nayo gereji ni milimita. Ile 10 ilinishangaza, nikadhani wamekosea kuchapa, maana maikromita ilinipa 0.25 mm. Basi nikapiga hesabu ya 800 V kwa kila milimita, nikapata kama 200 V kwa karatasi moja. Mota ni ya 415 V, kilele chake kama 587 V, kwa hiyo nikaweka karatasi tatu kila sloti. Koili ya kwanza iliingia kwa kusukumwa. Ya pili ikachunika enameli palepale mdomoni mwa sloti. Nimebomoa kazi ya siku nzima.

Sasa nimeshaelewa kwamba mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Swali langu: mnazidisha kwa 0.03937, mnagawanya kwa 25.4, mnatumia kikokotoo cha mtandaoni, au mnakadiria kichwani? Nataka njia moja niishike.

MwalimuVolti:
Pole sana mkuu. Gawanya kwa 25.4, usihangaike na nyingine. Tangu makubaliano ya 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo mil ni 0.0254 mm. Ukigawanya volti kwa 0.0254 unapata V/mm, ukigawanya tena kwa 1000 unapata kV/mm. Hatua zote mbili zinakutana kwenye 25.4. Karatasi yako: 800 ÷ 25.4 = 31.5 kV/mm. Kurudi nyuma unazidisha kwa hiyohiyo 25.4.

Ile 0.03937 inatoa jibu lilelile, ila sifuri zake zinapotea. Nimesahihisha madaftari mengi yenye 0.3937 na 0.003937, na mwanafunzi hajui amekosea wapi.

Nuru_Transfoma:
Naungana na Mwalimu kwa hesabu inayoandikwa. Ila kabla ya kuandika, mimi huanza kichwani: gawanya kwa 100, zidisha kwa 4. 300 V/mil inakuwa 12 kV/mm, jibu halisi ni 11.8. Njia hii inazidisha kwa asilimia 1.6, na kwenye uhami kuzidisha ni upande wa hatari, kwa hiyo siitumii kuamua kitu. Naitumia kukamata kosa.

Na kaka FundiKoili, kuna kipimo kimoja kingekuokoa: hewa. Hewa ya kawaida inavunjika kwenye kama 3 kV/mm, yaani karibu 76 V/mil. Wewe ulipata 0.8 kV/mm. Karatasi ya kuhami inayoshindwa na hewa tupu? Hapo ndipo pa kusimama na kuisoma lebo upya.

Nyongeza kwa wanaopima mafuta ya transfoma. Kwa IEC 60156 (kiwango cha kimataifa cha jaribio hilo) nafasi kati ya elektrodi ni 2.5 mm, kwa ASTM D877 (cha Marekani) ni inchi 0.1, yaani 2.54 mm. Usidhani kubadilisha vizio kunatosha kulinganisha ripoti hizo mbili. Umbo la elektrodi ni tofauti, na uga wa umeme (volti kwa kila kipande cha unene) haujasambaa sawasawa. Mafuta yaleyale yatakupa majibu mawili.

Kaka_Dijito:
Mimi natumia kikokotoo cha simu na sijuti, lakini angalieni mnachochagua kwenye orodha. 1 V/mil ni 39,370 V/m. 1 V kwa inchi ni 39.37 V/m. Tarakimu ni zilezile, nukta tu imehama, na kosa ni mara elfu. Jicho linapita bila kushtuka.

MzeeWaWarsha:
Vijana, mnabadilisha kitu ambacho hapa hakihitaji kubadilishwa. Lebo imetoa unene kwa mil na uwezo kwa mil. Zidisha: 800 × 10 = volti 8,000. Basi. Ukiwa na maikromita ya milimita, badilisha unene peke yake: 0.254 mm ni 10 mil. Kubadilisha uga wenyewe ni kazi ya mtu anayelinganisha bidhaa mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Ulaya.

Halafu namba hiyo ni ya unene huo tu. Tazameni Kapton HN, plastiki nyembamba ya kuhami: filamu ya mil 1 inapewa 7,700 V/mil, karibu 303 kV/mm. Ya mil 5 inapewa 3,900. Ukichukua ile 7,700 ukazidisha kwa tano utaandika 38,500 V, wakati filamu yenyewe ni 19,500. Hesabu ya vizio itakuwa safi na jibu litakuwa uongo. Tena hiyo ni volti ya kuvunjika kwenye jaribio la muda mfupi, si volti ya kufanyia kazi kila siku na joto la mota juu yake.

MwalimuVolti:
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kwa kazi ya benchi. Ila anayeagiza bidhaa lazima alinganishe, na hapo 25.4 haikwepeki.

FundiKoili:
Marahaba Mwalimu kwa niaba ya Mzee, na asanteni wote. Nimeshika zote mbili: kuzidisha kwa mil nikiwa benchi, 25.4 nikiwa dukani, na hewa ya dada Nuru kama mlinzi. Leo nimesuka upya kwa karatasi moja kila sloti, koili zimeingia kwa vidole tu. Kesho napima kwa mega (kipima uhami) kabla ya vanishi. Na kwenye roli nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: MIL = INCHI ÷ 1000, ili kijana wangu asiisome kama nilivyoisoma mimi.

Nuru_Transfoma:
Ukipima, pima tena baada ya vanishi kukauka, utuletee namba zote mbili.