Naomba ushauri: niko mwaka wa pili Sayansi ya Maabara, je, naweza kuhamia Udaktari na kuanzia mwaka wa juu?

Kijana wa Njoro (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya Sayansi ya Maabara ya Afya hapa Moshi, na GPA yangu mpaka sasa ni 4.1. Tangu nikiwa sekondari nilitaka kusoma udaktari wa binadamu, lakini wakati wa udahili sikuchaguliwa, nikashika nafasi niliyopewa ili nisikae nyumbani.

Kilichonifanya niandike ni habari za binamu yangu aliyeko Kanada. Amesoma miaka miwili ya masomo ya msingi katika Western University, kisha mwaka huu amepata nafasi ya kuingia mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya tiba chuoni hapohapo. Alivyonieleza, nafasi za mwaka wa tatu hugombewa kwa matokeo ya chuoni, na matokeo ya sekondari hayana kazi tena katika hatua hiyo. Nami nimeshasoma anatomia, fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia na somo la vimelea, na mengi kati ya hayo nimepata A au B+. Kwa nini basi nisiombe kuingia udaktari mwaka wa pili, au hata wa tatu, badala ya kuanza upya na watoto waliotoka kidato cha sita juzi?

Naomba anayefahamu utaratibu wa hapa nchini anieleweshe, kwa sababu baba yangu, ambaye ndiye anayejazia ada pale mkopo unapoishia, anataka nimpe jibu kabla ya semista ya pili kuanza.

---

Tabibu wa Rau

Mdogo wangu, pole na hongera kwa GPA hiyo. Nakujibu kama mtu niliyepita njia inayofanana na yako. Nilisoma stashahada ya tiba kwa miaka mitatu, nikafanya kazi kwenye zahanati wilayani Hai, nikishona vidonda na kuzalisha akina mama usiku kwa taa ya simu umeme ulipokatika, halafu nikaomba udaktari. Nilianzia mwaka wa kwanza. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa kuwa nilikuwa naandika dawa za malaria kwa muda wote ule basi nirukie wodini.

Mwanzoni nilinung'unika. Kisha tukaingia chumba cha anatomia. Katika stashahada nilikuwa nimefundishwa kwamba mkono una mishipa ya fahamu inayotokea shingoni, nikaijua majina, nikafaulu mtihani. Katika udaktari tulipewa maiti, kundi zima kwenye meza moja, tukaanza kutenganisha mishipa ile kwapani, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka mwalimu aje aguse mmoja kwa koleo na kuuliza: huu ukikatwa, mgonjwa atashindwa kufanya nini kwa vidole vyake? Jina la somo lilikuwa lilelile, ila saa zilizotumika na kina chake havikukaribiana hata kidogo. Ndiyo maana A yako ya anatomia, ambayo bila shaka umeitolea jasho, chuo hakiwezi kuichukua kama mbadala wa anatomia ya udaktari kwa kutazama jina tu.

---

Mhadhiri Mstaafu

Nampongeza tabibu kwa maelezo yake. Niongeze upande wa kanuni, maana hapo ndipo vijana wengi hupotelea.

Hapa Tanzania udaktari wa binadamu ni shahada ya kwanza ya miaka mitano, ikifuatwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo kazini hospitalini, kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa kuwa mtu huingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita au stashahada, mchujo wote mkubwa umewekwa mlangoni, na hakuna mlango wa pili katikati ya nyumba. Mfumo aliosimulia binamu yako umejengwa kinyume: huchukua wengi mwanzoni na kuchuja baadaye.

Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inao utaratibu wa kuhamisha krediti, yaani kuhesabiwa masomo uliyokwisha kufaulu, lakini sharti lake la kwanza ni kwamba anayehamia awe na sifa za kuingilia za programu ile anayoiendea, kana kwamba anaomba leo kwa mara ya kwanza. GPA nzuri ya programu nyingine haifuti sharti hilo. Likitimia ndipo chuo hukaa na mitaala miwili na kulinganisha somo kwa somo.

Kwa hiyo kabla hatujazungumzia mwaka wa pili au wa tatu, naomba utuwekee hapa matokeo yako ya kidato cha sita. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

---

Mkaaji Sombetini (Arusha)

Mhadhiri, kwa heshima zote, mbona namfahamu kijana mmoja aliyeingia udaktari mwaka wa pili hapohapo Moshi bila kupitia wa kwanza? Isije ikawa tunamkatisha mwenzetu tamaa.

---

Mhadhiri Mstaafu

Ndugu wa Sombetini, ukimuuliza vizuri kijana huyo, nina hakika utakuta alitoka kwenye udaktari wa chuo kingine. Uhamisho wa namna hiyo upo na ni halali: mwanafunzi amesoma mwaka wa kwanza wa programu ileile, vyuo vyote viwili vimekubali, TCU imeridhia, basi anaendelea alipoishia. Kutoka maabara, uuguzi au famasia kwenda udaktari ni kubadilisha programu, hata kama unabaki chuo kilekile na kulala bweni lilelile.

---

Kijana wa Njoro

Nawashukuru sana. Matokeo yangu ya kidato cha sita, mchepuo wa PCB, ni haya: Kemia C, Baiolojia C, Fizikia E. Nilihesabu pointi nikaona zinafika 7, na nilisoma kwamba zinazotakiwa ni 6, kwa hiyo nilidhani nilikosa nafasi kwa sababu ya ushindani tu.

---

Mhadhiri Mstaafu

Hapo sasa tumefika kwenye fundo lenyewe. Hesabu yako ya pointi ni sahihi, kwa kuwa C ni 3 na E ni 1, lakini jumla ya pointi ni nusu tu ya sharti. Nusu ya pili ni kwamba kila somo lina daraja lake la chini, na kwa udaktari Fizikia haitakiwi kushuka chini ya D. E ni ufaulu wa daraja kuu, ndiyo maana unahesabiwa kuwa na masomo matatu, lakini kwenye programu hii haikuvushi. Hukukosa kwa ushindani. Ombi lako halikufika hata kwenye ushindani.

Nasema hivi bila kukubeza, kwa sababu jambo hili linabadilisha kabisa swali lako. Ulikuwa unauliza jinsi ya kuingia mwaka wa tatu, ilhali kinachokuzuia ni herufi moja ya kidato cha sita, na herufi hiyo ina dawa: kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na usajili wake hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo usisubiri mwaka mpya ndipo uulizie.

Jambo jingine, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU kwenye tovuti yao, utafute udaktari chini ya kila chuo, usome safu zote mbili, ya wenye kidato cha sita na ya wenye sifa linganishi kama stashahada. Usitegemee picha za skrini zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa mwongozo hutolewa upya na nyingi ya picha hizo ni za miaka ya nyuma.

---

Mchagga wa Ughaibuni

Nimeishi Ontario muda mrefu, kwa hiyo niruhusuni nieleze hilo la Western, maana limeeleweka nusu.

Chuo hicho kiko mji wa London, ule wa Kanada. Shahada anayosoma binamu yako ni ya miaka minne, na inaendeshwa kwa pamoja na kitivo cha sayansi na shule ya udaktari ya Schulich. Miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi hujenga msingi: baiolojia, kemia, fizikia na hisabati, kisha kemia ya kikaboni, biokemia, jenetiki, baiolojia ya seli na takwimu. Mwisho wa mwaka wa pili ndipo hugombea nafasi ya mwaka wa tatu kwenye fani mahsusi kama fiziolojia, farmakolojia, mikrobiolojia na kinga, patholojia au epidemiolojia. Wanaoangalia maombi hutazama wastani wa alama, lakini pia hutazama kama masomo ya lazima yamekamilika na kama mwanafunzi alibeba mzigo kamili wa masomo. Mtu mwenye alama za kupendeza aliyeacha somo moja la lazima anaweza kukwama, na nimeona vijana wakilia kwa hilo.

Hata hivyo, akimaliza shahada hiyo hatakuwa daktari. Atakuwa mhitimu wa sayansi ya tiba, kisha kama anataka udaktari atafanya mtihani wa MCAT na kuomba shule ya udaktari, ambayo kwa kawaida ni miaka minne mingine. Vyuo vingi vya udaktari vya Kanada havipokei kabisa waombaji wasio raia au wakazi wa kudumu, kwa hiyo hata nawe ukipata nafasi ya miaka minne ya kwanza, sioni daraja la kukuvusha upande wa pili. Kwa kweli binamu yako hajakutangulia sana. Shahada anayosoma inakaribiana zaidi na hiyo yako ya maabara kuliko na udaktari wa Moshi.

---

Mama Upendo (Arusha)

Mwanangu, mimi nazungumzia fedha tu, maana wanaume hapa hawajaigusa. Mkopo ulionao ulipangiwa programu unayosoma. Usiandike barua ya kujiondoa kabla hujakaa na afisa mikopo wa chuo chenu akueleze nini kitatokea upande wa Bodi ya Mikopo, kwa sababu mkopo haukufuati wenyewe unapohama. Mwanangu wa pili alihama programu akidhani mambo yangejipanga, tukauza mbuzi na kiwanja kidogo cha Kisongo ili asifukuzwe kwenye mtihani. Udaktari ni miaka mitano kuanzia sifuri, na baba yako ana haki ya kuuona mzigo huo kwenye karatasi kabla hajaitikia.

---

Binti Meru (Tengeru)

Shikamoo Mama Upendo, shikamooni wakubwa wote. Mimi nilimaliza shahada hiyohiyo ya maabara, sikuhama. Kaka wa Njoro, nakuuliza swali ambalo mimi niliulizwa na msimamizi wangu: unachopenda ni kumtibu mgonjwa kwa mikono yako, au unapenda kujua ugonjwa unavyofanya kazi? Kama ni la pili, yako mengi mbele yako. Kuna shahada za uzamili za epidemiolojia na afya ya jamii palepale Moshi, katika chuo cha afya cha KCMC, na huku kwetu Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo inafundisha uzamili na uzamivu pekee, wakiwemo wanaotafiti magonjwa ya binadamu. Huko ndiko GPA yako ya 4.1 itakapofungua milango kweli, kwa sababu wao huanza na shahada yako ya kwanza, na ile E ya Fizikia haitakuwa kikwazo kikuu.

Lakini kama ni la kwanza, maabara haitakutosheleza, nami siwezi kukudanganya. Nina rafiki anayepima damu kutwa huku akitamani kuingia wodini kumwona mwenye damu hiyo.

---

Kijana wa Njoro

Nimewasoma wote, na usiku huu nimempigia baba nikamsomea majibu ya Mhadhiri na ya Mama Upendo. Dada Binti Meru, jibu langu ni la kwanza, na nililijua kabla hujamaliza kuuliza. Tumekubaliana kwamba nisijiondoe chuoni. Nitaendelea na maabara, nijisajili kurudia Fizikia, na matokeo yakitoka na D au zaidi ndipo nitaomba udaktari mwaka wa kwanza, nikiwa na shahada mkononi au nikikaribia. Swali lililobaki ni dogo: je, nitapata kituo chochote hapa Moshi cha kufanyia Fizikia pekee?

---

Tabibu wa Rau

Vituo vya watahiniwa wa kujitegemea vipo, ila si kila kituo husajili masomo ya sayansi, kwa sababu Fizikia ya kidato cha sita ina karatasi ya vitendo na kituo lazima kiwe na maabara yenye vifaa. Usiulizie kwa simu. Nenda mwenyewe, omba kuonyeshwa maabara, na uulize kama wana mwalimu wa kukupitisha kwenye majaribio ya joto na umeme, kwa kuwa watahiniwa wengi wa kujitegemea husoma nadharia nyumbani wakaifaulu, halafu hufika siku ya vitendo hawajashika galvanomita tangu waache shule. Mkuu wa maabara mnayofanyia mazoezi huenda akakusaidia kujikumbusha baadhi ya vipimo ukimwomba kwa adabu. Nakala ya cheti chako cha kidato cha sita ibebe siku hiyohiyo, watakuomba namba ya mtihani.